Mwenyekiti wa kikundi anataka jina lake kwenye jalada la riwaya yangu

Barua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Mchana nauza duka la madaftari na kalamu, usiku naandika hadithi za kutisha. Sisemi zile za mapenzi ambazo jini anapita ukurasa mmoja kisha watu wanaendelea kuoana. Nasema za kutisha hasa, ambazo msomaji akimaliza anamwamsha mwenzake amsindikize chooni.

Nilianza kwa kuzituma sehemu kwa sehemu kwenye kikundi chetu cha wapenzi wa hadithi hizi. Nikichelewa siku moja tu simu haipumui: "Dada, arosto inatuua huku." Asiyetaka kusubiri ananirushia shilingi elfu moja nami namtumia hadithi nzima. Na kikundi hakiishii kwenye simu. Tunakutana mara moja kwa mwezi Chumbageni kibarazani kwa mwenzetu mmoja, taa zinazimwa, kila mtu anatoa kisa. Tumeshakwenda pamoja mpaka Mapango ya Amboni, tukamchosha yule mtembeza wageni kwa maswali. Hawa ndio watu pekee ambao nikiwaambia "nimekwama, sijui maiti iamke kabla au baada ya adhana" hawaniangalii vibaya. Wanaanza kubishana nami. Mama yangu alipofariki walichanga na walikuja kukesha.

Sasa kuna mchapishaji wa Dar es Salaam ameikubali riwaya yangu moja. Inamhusu kondakta wa kike kwenye basi la usiku. Kuna abiria anapandia Segera na mkoba wa ukindu, analipa nauli kwa rupia ya Mjerumani, ile yenye kichwa cha Kaiser, na kila safari yule aliyeketi jirani naye hajulikani alishukia wapi. Nilipowatangazia wenzangu walishangilia, isipokuwa mwenyekiti wetu. Kesho yake alinipigia akasema hadithi ile ni yake. Ni kweli kwamba usiku mmoja kibarazani alisimulia habari za marehemu mjomba wake, kondakta wa zamani, enzi zile kabla mabasi ya usiku hayajapigwa marufuku, kwamba aliwahi kulipwa rupia na abiria akatoweka. Basi, kisa kilikwisha hapo. Yule kondakta wa kike, makambi ya manamba kwenye mashamba ya mkonge, sababu ya ile hela kurudi rudi, vyote nimevitunga mimi. Yeye anataka jina lake liwe juu ya jalada pamoja na langu na mapato tugawane nusu kwa nusu. La sivyo, anasema, ataimwaga riwaya nzima kwenye vikundi vyote anavyovijua ili mchapishaji akose wa kumuuzia.

Na mkataba nao unanitia wasiwasi. Unasema natoa "haki zote, kwa lugha zote na kwa muundo wowote, bila ukomo". Nitapata mrabaha wa asilimia 10 ya "mapato halisi". Tena mhariri anataka nibadili mwisho: anataka yule abiria asomewe dua, atoke, kijiji kifurahi, maana hivyo "kitafaa hata mashuleni". Mwisho wangu mimi ni kwamba kondakta anaketi jirani naye. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Wengine kikundini wananiambia nisisaini, nikiwa wa vitabu nitawatupa. Mama mkwe naye amenipeleka kwa maalimu nisomewe, eti mtu mzima hawezi kuwaza mambo haya akiwa peke yake. Nifanye nini Shangazi? Sitaki kuwapoteza watu wangu kwa sababu ya kitabu, na sitaki kupoteza kitabu.

Mwandishi wa Usiku, Tanga

Jibu

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Ningekuwa jirani ningekuletea kahawa na kashata tukae tuzungumze. Kwa kuwa siko, naanza na lile linalokunyima usingizi, nalo naona si mkataba, ni mwenyekiti.

Hicho kikundi chenu kina babu yake. Juni 1816, kando ya Ziwa Geneva huko Uswisi, walikaa watu wachache kwenye nyumba ya kupanga. Mvua haikuwaacha watoke. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka mmoja kabla na hali ya hewa ya Ulaya ikaharibika. Wakawa wanasomeana hadithi za mizimu, mpaka mwenyeji wao, mshairi Byron, akasema kila mtu atunge yake. Binti mmoja wa miaka 18 alitoka na wazo lililokuja kuwa riwaya ya kutisha ya Frankenstein, nawe unajua hiyo ilifika wapi. Lakini kisa chako wewe si cha huyo binti, ni cha daktari wa Byron, kijana aitwaye John Polidori. Byron alianza kutunga habari za mnyonya damu, akachoka, akaacha. Polidori akaiokota mbegu ile akaandika hadithi nzima. Mwaka 1819 ikatoka kwenye jarida moja la London ikiwa na jina la nani? La Byron. Byron akaikana na akatoa kile kipande chake kichapwe watu waone tofauti. Polidori akabaki anaeleza kuwa msingi ni wa Byron lakini ujenzi ni wake, na waliotaka kumsikiliza walikuwa wachache.

Nakuletea habari hizi kwa sababu ugomvi wenu ni uleule, na hata hukumu ningeitoa ileile. Msingi ni wa mwenyekiti, tena kwa kweli ni wa marehemu mjomba wake. Ujenzi ni wako. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, ile Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda maandishi, yaani wazo jinsi lilivyowekwa katika maneno. Wazo lenyewe halina mwenyewe. Abiria wa ajabu anayepanda usiku amesimuliwa Segera, amesimuliwa Kitonga, na sina shaka amesimuliwa mpaka Mombasa. Kama mwenyekiti angekuwa ameandika kurasa nawe ukazinakili, ningekwambia kaa naye mgawane. Kusimulia kisa kibarazani mbele ya watu waliokuja kusikiliza visa hakumpi mtu nusu ya riwaya.

Ila mwanangu, sheria kukupa haki hakukuondolei deni la heshima. Ile rupia ndiyo inayomfanya msomaji ashike kichwa. Ukiiondoa ukaweka noti ya kawaida, hadithi inapungua. Hilo ulilipata kwake, na nina hakika hakuna siku uliyomwambia asante mbele ya watu. Ungekuwa umefanya hivyo ungeniandikia. Huyo bwana hajaanza kwa kutaka hela. Alisikia riwaya inatangazwa na jina la mjomba wake halimo.

Kwa hiyo nenda kwake. Usimpigie, wala usimtumie sauti kwenye kikundi watu wakaanza kuweka vikatuni vya kucheka. Nenda nyumbani kwake mchana, na mzee mmoja mnayemheshimu wote. Chukua ukurasa wa shukrani ulioandikwa tayari, umsomee: kwamba mbegu ya riwaya hii ni kisa alichokisimulia fulani, kama alivyokisikia kwa mjomba wake marehemu fulani, kondakta wa basi. Majina kamili. Mwambie pia siku ya uzinduzi yeye ndiye atakayesimama akisimulie kisa kile kabla hujasoma ukurasa wa kwanza. Ukitaka kumpa chochote katika malipo yako ya kwanza, mpe mara moja, kiasi usichokijutia, na muandikiane kwamba ni zawadi. Usikubali asilimia. Asilimia inakufunga naye kila mwaka kitabu kinapouzwa, na kila mwaka mtagombana upya. Jalada usikubali kabisa.

Kuhusu kitisho chake cha kuimwaga riwaya, hapo heshima imekwisha na ningekuwa mkali. Maandishi yako yanalindwa tangu ulipoyaandika, hata kama hujayaandikisha popote. Lakini ukifika mahali pa kuthibitisha, ni vizuri uwe na karatasi. Iandikishe kazi yako Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Hifadhi zile jumbe zake, na zile sehemu ulizozituma zikiwa na tarehe zake. Halafu ukiwa kwake, baada ya ukurasa wa shukrani, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba kazi imeandikishwa. Sentensi moja tu, usiirudie. Atakuwa ameelewa.

Hapo hapo kuna jambo hukuligusa, nami niliyekaa miaka kwenye dawati la uhariri limenikaa kooni. Je, mchapishaji anajua kwamba riwaya hii ilishatoka sehemu kwa sehemu, na kwamba kuna watu wameinunua nzima kwa elfu moja moja? Mikataba mingi ina kifungu ambacho mwandishi anathibitisha kuwa kazi ni yake na haijachapishwa kwingine. Mwambie kwa maandishi kabla ya kusaini. Wala usiogope sana. Wachapishaji siku hizi wanaona hadhira iliyokwishajengwa kuwa faida. Kinachowakasirisha ni kuligundua baadaye. Hilo hilo lishike kwa tuzo. Najua wenzako watakushauri uipeleke riwaya kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyotangaza washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Wazo zuri, lakini soma kwanza masharti yanasema nini kuhusu kazi iliyokwishasambazwa. Pengine riwaya ya kupeleka huko ni ile ambayo kikundi hakijaionja.

Haya, mkataba.

"Haki zote, kwa lugha zote, kwa muundo wowote, bila ukomo." Mwanangu, hakimiliki yako hapa nchini inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Wanachokuomba kwa sentensi moja ni mali ya wanao na wajukuu. Huenda hawana nia mbaya. Mara nyingi karatasi kama hizo zilinakiliwa zamani kutoka mkataba wa kitabu cha kiada na hakuna aliyezisoma tena. Lakini wewe isome. Mpe haki ya kuchapa kitabu cha karatasi, kwa Kiswahili, kwa muda unaojulikana, tuseme miaka mitano, kisha mzungumze upya. Weka kifungu kwamba kitabu kikiadimika sokoni kwa muda fulani na wasikichape tena, haki zinarudi kwako bila kesi. Sauti na filamu zibaki kwako, au kama wanazitaka, ziandikwe kila moja na mgawo wake. Usizidharau za sauti. Watu wanasikiliza simulizi jikoni, kwenye daladala, kwenye saluni, na hadithi ya kutisha kwenye sauti inauma kuliko kwenye karatasi.

Mfano wa kile kinachoitwa mgawo: Stephen King alipouza riwaya yake ya kwanza, Carrie, alipewa malipo ya awali ya dola 2,500. Mwaka 1973, kitabu hakijatoka bado, mchapishaji wake akaiuzia kampuni nyingine haki ya toleo la jalada laini kwa dola 400,000. King alikuwa mwalimu wa shule, anaishi kwa kubangaiza. Kwa kuwa mkataba ulisema haki hiyo ikiuzwa mwandishi anapata nusu, alipata dola 200,000. Bila kile kifungu angepongezwa tu. Sikuahidi fedha za namna hiyo Tanga, nakuonyesha pesa zilitoka kwenye kifungu gani.

Sasa "mapato halisi". Asilimia 10 si mbaya kwa mwandishi wa kwanza, lakini asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na duka linapewa punguzo la asilimia 40. Mrabaha ukihesabiwa kwenye bei ya jalada, unapata 1,000 kwa nakala. Ukihesabiwa kwenye kile kilichomfikia mchapishaji, unapata 600. Na kama "halisi" inamaanisha baada ya kutoa usafiri, matangazo na chai ya ofisini, hapo hata mimi sijui utapata nini. Omba bei ya jalada. Wakikataa, omba waandike neno kwa neno ni makato gani yanaruhusiwa. Omba pia taarifa ya mauzo kwa maandishi, angalau mara moja kwa mwaka, na mjue nakala ngapi zinachapwa. Mchapishaji anayekasirika kwa kuulizwa idadi ya nakala, mimi ningemkimbia.

Mwisho wa riwaya. Nimecheka na nimekasirika, vyote pamoja. Naelewa anakotoka huyo mhariri. Soko la vitabu nchini linabebwa na shule, na kila mchapishaji akilala anaota orodha ya vitabu teule. Lakini orodha hiyo haipangi yeye, na kuweka dua kwenye ukurasa wa mwisho hakukiingizi kitabu darasani. Utakuwa umeharibu mwisho kwa ahadi isiyo mikononi mwake. Kondakta kuketi jirani na abiria ndiyo riwaya yenyewe. Wote waliotoweka walikaa pale bila kujua, yeye anakaa akijua. Usiubadilishe. Wala si kwamba Kiswahili hakijawahi kuzivumilia habari za kutisha kwenye kitabu kinachoheshimiwa: Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa riwaya ambayo kiini chake ni maiti kwenye mzimu, yaani mahali pa matambiko, na mpaka leo Mzimu wa Watu wa Kale inatajwa kila panapozungumzwa upelelezi kwa Kiswahili.

Hata hivyo usimkatalie mhariri kila kitu ukadhani unalinda sanaa. Hadithi iliyoandikwa kwa sehemu ina makovu yake, na yeye anayaona kuliko kikundi. Kila sehemu inaanza kwa kukumbusha ilipoishia. Kila sehemu inafunga kwa mlango kugongwa, au ukelele, au "mara ghafla". Kwenye simu, kwa siku tofauti, hilo linawatia watu arosto. Kwenye kitabu, usiku mmoja, msomaji anahesabu milango. Nadhani pia katikati kuna safari mbili tatu za basi zinazofanana, kwa sababu wasomaji walikuwa wanapenda na wewe hukutaka kuwanyima. Hizo mwache azikate. Ukimwachia katikati, una nguvu ya kushika mwisho.

Nabaki na watu wako. Wanaokwambia usisaini wanakupenda, lakini wanakupenda ukiwa bure, au ukiwa elfu moja. Usiwapelekee mkataba waupigie kura. Wakili asome, au mwandishi mwingine aliyewahi kusaini. Wao wana kazi nyingine wanayoiweza kuliko mtu yeyote Dar es Salaam. Chagua wawili watatu wenye jicho kali, wale wanaobishana nawe kuhusu maiti na adhana, wausome mswada uliohaririwa wakutajie ni ukurasa gani hofu imelegea. Wengine watangazie nakala za kuagiza mapema zenye sahihi yako, na uzinduzi ufanyike palepale kibarazani kabla ya kwenda kwenye ukumbi wowote wa mjini. Usiku wa kila mwezi usiuache hata kama una wageni wa magazeti. Wapelekee visa vipya, na kuanzia sasa kila mtu akitoa kisa muulize mbele ya wenzake kama unaweza kukiandika. Akisema hapana, ni hapana. Wapo watakaoondoka hata hivyo, hasa wale waliokuwa wanasambaza mafaili yako kimyakimya. Hao waache waende.

Mama mkwe mwache na maalimu wake. Kusomewa dua hakujamdhuru mwandishi yeyote, na akikuona unatoka pale unarudi kuuza madaftari kama kawaida atatulia. Usimpe mswada. Mpe kitabu kikishatoka, na mumeo awe nyumbani siku hiyo.

Wiki hii nenda COSOTA na umwandikie mchapishaji kuhusu zile sehemu zilizokwishatoka, ukiomba na nafasi ya kujadili vifungu vya haki na mrabaha. Kwa mwenyekiti nenda wiki ijayo. Ukurasa wa shukrani uuandike leo usiku kabla hujaanza kuandika kitu kingine.

Shangazi